Bwana yangu anaongea na mimi kama anasali. Ni mapendo ao ni mchezo?

#1 Mama_wa_Katuba
Jambo sana wandugu. Nauliza Walushois, watu wa hapa Lubumbashi, na wengine wote wenye kuishi na mtu ndani ya nyumba.

Bwana yangu alienda mafungo ya ndoa na kundi lao la sala. Huko wakafundishwa kwamba vile mtu anaongea na Mungu, njo vile anapaswa kuongea na wa kwake nyumbani. Tangu arudi hakuna tena "leta maji". Sasa ni: "Mama, wewe uliyeamka mbele yetu wote, nakushukuru kwa moto huu na kwa maji haya." Maji ya kunawa, wandugu! Nikiweka bukari (ugali) mezani anatulia kwanza, ananitazama, anasema "Nimepokea." Akiwa kazini ananiandikia ujumbe mrefu: sifa kwanza, halafu shukrani, halafu anaomba msamaha wa jambo ambalo hata mimi sikuwa nalijua, mwisho njo anauliza kama makala ya kupikia yamebaki. Watoto wamekwisha kujua mpango. Kale ka mwisho kakisikia sifa zinaanza, kanajibu "utuombee".

Sisemi ni vibaya. Mbele alikuwa mtu wa kuguna tu. Lakini sijui nimjibu na sauti gani. Nikijibu kawaida naonekana mkali, nikijibu kama yeye kicheko kinanishika. Kwenu mnafanya aje? Na sauti ya sala inafaa kweli kwa mambo ya chumvi na makala?

#2 Kamalondo_100
Mwanaume anaomba msamaha wa kosa ambalo bibi hajalijua? Dada, usitafute sauti ya kumjibu. Tafuta kosa.

#3 Tantine_Ruashi
#2 unafikiri kila mwanaume ni wewe 😂

Mama wa Katuba, kwa mimi hiyo ni sauti ya mimbarini tu. Siku hizi ukipita mtaani kila lupango (kiwanja) la tatu lina chumba cha sala, na kila mhubiri ana sauti mbili, moja ya kugombeza fundi na moja ya kuita Roho. Wanaume wameona ile ya pili inafungua mioyo na mifuko, wakaibeba mpaka nyumbani. Atachoka. Mvua ya kwanza ikivuja kwenye mabati utasikia ya zamani imerudi.

#4 Kijana_wa_Kenya
Hakuna siri hapa. Sauti inafuata mshahara. Baba yangu alikuwa na kandarasi za machimbo. Pesa ikiingia, mama alikuwa "malkia". Mwezi ukielekea kwisha, mama alikuwa "weye". Mleta uzi atuambie huyo papa wa nyumba alianza sala zake tarehe ngapi.

#5 Wa_Nakuru
Ndugu wa Kenya ametoa hoja nzito. Uko kaunti gani?

#6 Kijana_wa_Kenya
Kaunti gani tena! Kenya ni komine ya hapa Lubumbashi, papa. Soko letu ukiingia bila mwenyeji unatoka bila simu. Karibu.

#7 Mama_wa_Katuba
#4 alianza katikati ya mwezi, na mshahara ulikuwa umechelewa. Tafuta nyingine.

#8 Mzee_wa_Kipushi
Watoto wangu, mnaongea kana kwamba hii ilizaliwa jana.

Mimi nimekulia kambini Kipushi, wakati wa Union Minière, kampuni ya migodi. Wazazi wangu walikuwa wa Jamaa, lile kundi la Wakatoliki. Kulikuwa na padri Mjesuiti, Tempels, aliyeanzisha mambo hayo hapa Lubumbashi miaka ya sitini. Huko mtu na bibi yake waliingia pamoja, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kuambiana mawazo. Mawazo yote: ya pesa, ya hasira, ya kitandani, hata ndoto za usiku. Baba alikuwa anaketi asubuhi karibu na mbabula, jiko la makala, akimweleza mama alichoota, kisha ananyamaza, mama naye anatoa yake. Sisi tulijifanya tumelala, tukasikiliza. Waliitana Baba na Mama, na kila mwana-Jamaa aliyepita kusalimu alikuwa baba ao mama, hata kijana asiye na ndevu. Kila siku tulisikia maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo.

Watu wa kambi waliwacheka. Mwanaume anayefungua roho yake mbele ya mwanamke, huko kazini walimwita bibi. Lakini sikuona baba anampiga mama, na katika kambi ile hiyo haikuwa kitu kidogo.

Kwa hiyo mwanangu wa #3, siyo kila sauti laini imetoka kwa wahubiri wa siku hizi.

#9 Mwalimu_Mstaafu
Asante Mzee kwa ushuhuda. Niruhusu kusahihisha mawili. Placide Tempels alikuwa Mfransisko, siyo Mjesuiti, na mambo yalianza Kolwezi, alikofika mwaka 1953. Hiyo miaka ya sitini unayotaja alikuwa anaondoka: alirudi Ubelgiji 1962 na akafia huko 1977. Jamaa ikabaki mikononi mwa wakristu wenyewe, wengi wao wafanyakazi wa migodi na bibi zao, ikaenea kambi kwa kambi. Mtafiti Johannes Fabian alipokuja Katanga 1966 kuwachunguza, aliwakuta wakitoa mafundisho yao kwa Kiswahili hiki hiki chetu, saa nyingi, bila haraka.

Sasa, mleta uzi, tofauti naiona hapa. Watu wa Jamaa walianza kwa kuambiana. Kama sauti ilikuwa laini, ililainika njiani. Bwana yako ameanza na sauti. Je, mawazo anayatoa?

#10 Mzee_wa_Kipushi
Mfransisko, sawa, Mwalimu. Lakini wazazi wangu waliipokea Kipushi, hiyo usinisahihishe.

#11 Cheminot_Halisi
Mimi nimejaribu leo asubuhi. Nimemwambia bibi: "Ee nyumba ya dhahabu, ee nyota ya asubuhi, nipe kikombe cha chai." Amenipa kikombe. Chai hakuna.

#12 Mwanakorali
#11 hayo ni ya Bikira Maria, ndugu. Litania ya Loreto, Papa Sixtus V aliipitisha mwaka 1587, na hakuwa anafikiria chai yako.

#13 Kamalondo_100
Msameheni. Mtu wa timu ya Lupopo amezoea kuomba bila kupata.

#14 Cheminot_Halisi
Mtu wa Mazembe naye anaongea! Nyinyi njo mna ibada. 2010 mlipofika fainali ya vilabu vya dunia mkapigwa 3-0 na Inter, wewe ulilia barabarani mbele ya watu. Uwanjani unaimba mpaka koo linakauka, unataja wachezaji mmoja mmoja na sifa zao, hata waliokwisha kustaafu. Ukifika nyumbani bibi anakuuliza habari za kutwa, unajibu "mm". Sauti ya sala unayo. Umeitolea kunguru wa Mazembe.

#15 Tantine_Ruashi
Cheminot amesema kitu kikubwa bila kujua.

Nimebadilisha kidogo maneno yangu ya #3. Mimi nilipotaka kuolewa, mashangazi walinifungia chumbani na kunifundisha. Maji ya bwana unayatoa umepiga magoti. Ukimsalimu, unapiga makofi pole pole, viganja vimepinda. Usiongee umesimama kama yeye ameketi. Mbele ya wageni usimwite jina, mwite baba ya fulani. Ibada nzima! Sauti, mikono, macho, kila kitu kimepangwa. Na yeye siku hizo alikuwa wapi? Kwenye bia na wajomba zake, wanamwambia "uwe mwanaume". Hayo tu ndiyo mafundisho aliyopata.

Kwa hiyo sisi wanawake wa huku tumekuwa tukiongea na bwana zetu kwa sauti ya sala tangu zamani, hakuna aliyefungua uzi kuuliza kama ni mchezo. Mwanaume mmoja wa Katuba ameanza kusema asante kwa maji, tumeitana wote. Huyo papa analipa deni la babu zake. Mwacheni alipe.

#16 Kijana_wa_Kenya
Tantine, lakini hata Biblia iko wazi. 1 Petro 3:6, Sara alimtii Ibrahimu akimwita bwana. Ibada ilienda upande ule, hairudi.

#17 Mwanakorali
Kijana, fungua na Mwanzo. Neno hilo "bwana wangu" Sara analitamka sura ya 18, mstari wa 12, na alipolitamka alikuwa anacheka moyoni, anasema bwana wangu amezeeka. Halafu nenda sura ya 21 mstari wa 12, Mungu mwenyewe anamwambia Ibrahimu asikilize sauti ya Sara katika yote atakayomwambia. Katika YOTE. Rudi hapa ukimaliza kusoma.

#18 Kijana_wa_Kenya
Nimesoma. Nipo tu.

#19 Binti_wa_Kasongo
Assalam aleikum. Mimi ni wa Maniema, naishi Kamalondo. Kwetu Waislamu, Kurani sura ya 30 aya ya 21 inasema Mungu ameweka kati ya mume na mke mapenzi na huruma. Sioni hapo kulazimishwa kunong'ona. Imepokewa kwamba Mtume alishindana mbio na bibi yake Aisha. Mara ya kwanza Aisha akashinda. Baadaye Aisha alipokuwa amenenepa wakashindana tena, Mtume akashinda, akamwambia hii ni kwa ile. Huo ni utani wa mume na mke, na sisi tunausoma kama sehemu ya dini.

Papa wa Katuba amechukua uzito wa sala akaacha mchezo wake. Mwambie mshindane kutoka mlangoni mpaka bombani.

#20 Kamalondo_100
Wabebe na simu warekodi. Nitalipia megabaiti.

#21 Pune_Lushi
Niongeze ya mbali. Nilisoma India, mji wa Pune. Mama mwenye nyumba wetu alikuwa na sanamu ndogo ya Krishna akiwa mtoto mchanga. Asubuhi anaiamsha, anaiogesha, anaivalisha nguo kulingana na baridi ya siku, anaiuliza kama imelala vizuri. Ikifika jioni anaigombeza kidogo kwa kutokula! Mimi mtoto wa kanisa la Garenganze nilishika kichwa. Baadaye mwanafunzi mwenzangu akanieleza kwamba walimu wao wa ibada, hasa Rupa Goswami wa karne ya 16, walipanga namna tano za kumwelekea Mungu: kwa utulivu, kama mtumishi kwa bwana wake, kama rafiki kwa rafiki, kama mzazi kwa mtoto, na kama mpenzi kwa mpenzi. Ya mpenzi ndiyo wanaiweka juu kuliko zote. Ya mtumishi iko karibu na chini.

Tazameni mwendo wake. Wale wameichukua sauti ya nyumbani wakaipeleka kwenye sala. Bwana ya dada yetu amefanya kinyume: ameichukua sauti moja ya sala, ile ya mtumishi, akaileta jikoni. Labda ndiyo maana watoto wanacheka. Mtumishi aliyeshiba bukari anachekesha. Angeleta ile ya rafiki, pengine hakuna ambaye angegundua kama kuna kilichobadilika.

#22 Tantine_Ruashi
#21 sasa huyo mtoto wa sanamu alikuwa anakula?

#23 Pune_Lushi
Tulikula sisi wapangaji, Tantine. Baada yake. Tamu sana.

#24 Wa_Bel_Air
Nimesoma kimya tangu mwanzo, nimeona nyote mnabishana kama sauti hiyo ni nzuri ao inachekesha. Kwangu haikuchekesha.

Bwana niliyekuwa naye hakuwahi kunipandishia sauti. Kila kitu kilikuwa "mpenzi wangu katika Bwana", mkono kifuani, macho yamefumbwa. Nikiuliza pesa ya shule iko wapi: "Mama, tuingie kwanza katika shukrani." Nikisema sikubaliani: "Naona moyo wako umechoka, nitakuombea." Siku moja akasema amefunuliwa tuuze lupango la Kampemba. Kwa sauti hiyo hiyo nzuri. Ungejibu nini? Ukipaza sauti mbele ya mtu anayenong'ona, wewe ndiye mwenye pepo. Majirani walikuwa wananiambia nina bahati. Ile sauti ilikuwa kufuli, na ufunguo alikaa nao yeye. Lupango liliuzwa.

Simhukumu papa wa Katuba. Nauliza tu kama Mwalimu wa #9: mawazo anayatoa? Na ukisema hapana, hiyo hapana inafika?

#25 Mama_wa_Katuba
Pole sana yaya, dada yangu. Swali lako nimelichukua. Nitaangalia.

#26 Mwanakorali
Wa Bel-Air, pole. Hapo umenifanya nifikirie jambo. Tunasema "sauti ya sala" kana kwamba sala ni asali tupu. Fungueni Zaburi. Ya 13 inaanza: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Ya 88 inalalamika kutoka juu mpaka chini na inamalizikia gizani, hakuna hata aleluya moja ya kufariji. Daudi na wenzake walimgombeza Mungu, na sisi tunayaimba hayo kanisani kwa sauti nne. Kwa hiyo anayetaka kuleta sala nyumbani alete kitabu kizima. Kama bwana ana haki ya sifa na shukrani, bibi ana haki ya "hata lini". Asiyevumilia "hata lini" ya bibi yake, huyo hakuleta sala, ameleta mahubiri.

#27 Bibi_wa_Mgodi
Bwana yangu yuko mgodini Fungurume, anarudi mwisho wa mwezi. Usiku ananitumia sauti kwenye simu, ndefu, laini, anataja watoto mmoja mmoja, anasema asante kwa kulinda nyumba. Nazisikiliza mara mbili. Akirudi, siku ya kwanza anaongea vile vile. Siku ya pili anauliza nani amesogeza kiti chake. Nadhani hii sauti inataka umbali. Mungu mwenyewe hatumwoni, ndiyo maana tunaweza kumwongelesha vizuri hivyo. Angekuwa anakoroma pembeni yetu, sijui.

#28 Mwalimu_Mstaafu
#27 😂 Maaskofu wetu wasikusome.

#29 Wa_Bel_Air
#26 umesema vizuri, lakini hata "hata lini" yako ni ya kuimba. Zaburi 88 imepangwa kama shairi, ina mwendo. Mimi siku ile nilitaka kusema tu: usiuze. Neno moja bila muziki. Kama ili nisikiwe lazima kwanza nipange maneno yangu kwa namna ya zaburi, basi bado ni yeye mwenye kuchagua lugha ya nyumba.

#30 Mwanakorali
Hapo sina jibu la haraka. Ila Petro alipokuwa anazama ziwani alisema "Bwana, niokoe", akaishia hapo. Na hiyo ilikuwa sala.

#31 Wa_Bel_Air
Na alinyoshewa mkono mara ile, Mathayo 14. Hakuambiwa aingie kwanza katika shukrani.

#32 Kijana_wa_Kenya
Mimi nina jambo dogo. Kuna binti wa Kampemba namwandikia. Nimesoma uzi wote. Nimwandikie kwa sauti gani kati ya zile tano za Pune?

#33 Pune_Lushi
Ya utulivu. Usimwandikie leo.

#34 Mzee_wa_Kipushi
Mwanangu, mwandikie ulichoota. Kama hujaota kitu, mwandikie ulichokula.

#35 Mama_wa_Katuba
Nimerudi. Jana usiku nilijaribu ile ya Mwanakorali. Bomba la uani linavuja tangu kiangazi. Nikasimama mlangoni, nikapandisha sauti: "Hata lini, ee Papa, hata lini bomba hili litatulilia?" Watoto wakaanguka chini kwa kicheko. Yeye hakucheka. Akanyamaza kitambo, halafu akaongea na sauti yake ya zamani, ile ya kuguna. Akasema kazini wamepunguza watu na hajui kama jina lake liko kwenye karatasi, na kwamba kule mafungoni hakuweza kuwaambia wenzake. Tulikaa uani mpaka usiku mkubwa. Sifa hazikuwepo, shukrani hazikuwepo. Leo asubuhi nimenawa uso, nasikia tena: "Mama, wewe uliyeamka mbele yetu wote..."

Sasa sijui ipi ndiyo yake. Bomba bado linavuja.

#36 Mwalimu_Mstaafu
Labda ya asubuhi inamsaidia kubeba ile ya usiku.

#37 Tantine_Ruashi
Ao ya asubuhi inaificha, Mwalimu. Usimpambe.

#38 Kijana_wa_Kenya
Nilisema mshahara. Mlinicheka.

#39 Mama_wa_Katuba
Kijana, kidogo umekaribia. Usivimbe.

#40 Kamalondo_100
Basi na mimi nimejaribu. Nimengoja watoto wametoka, nimemshika bibi mkono, nimemwambia pole pole: "Mama ya watoto wangu, nakushukuru kwa miaka yote hii." Amenitazama muda mrefu. Halafu ameniuliza nimepoteza ngapi kwenye kamari ya mpira.

#41 Cheminot_Halisi
Na umepoteza ngapi?